Nyayo Bapa, Goti Linalouma na Kiatu cha Laki Nne

Swali la msomaji: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, nina miaka 39 na uzito wa kilo 84. Mwaka jana nilijiunga na klabu ya jogi ya mtaani kwetu, na sasa tumejiandikisha kukimbia kilomita 21 kwenye Kilimanjaro Marathon. Ndani ya miezi miwili nimetoka kilomita 5 hadi 14. Goti la kulia limeanza kuuma kwa mbele, zaidi nikishuka ngazi. Muuzaji wa viatu Kariakoo alinikanyagisha karatasi nikiwa na mguu wenye maji, akasema nina nyayo bapa, na kwamba nisiponunua viatu vya msaada vya shilingi 420,000 magoti yataisha. Mume wangu ana kilo 62, anakimbia na viatu vyenye bamba la kaboni alivyovipata mtumbani, na analalamika kisigino kukaza kwa nyuma kila asubuhi. Kijana wetu wa miaka 14 anakimbia mita 1,500 shuleni, naye nyayo zake ni bapa kama zangu. Je, wote watatu tununue hivyo viatu vya msaada? Na mtumba unafaa?"

Jibu:

Dada yangu, nashukuru umeandika kwa kina. Ule umbali ulioutaja umenisaidia zaidi kuliko habari ya nyayo. Lakini nitaanza na nyayo, kwa sababu ndizo zilizokutia hofu, kisha nirudi kwenye goti. Dukani mambo hayo mawili yalifungwa kamba moja. Mwilini mwako huenda hayahusiani kiasi hicho.

Mguu unapotua chini, unyayo hulala kidogo upande wa ndani. Sisi tunaita pronesheni. Kila mguu mzima hufanya hivyo: upinde wa unyayo unashuka, kisigino kinainama ndani kidogo, na kishindo kinasambaa badala ya kupanda chote kwa mpigo. Halafu unyayo unakaza tena na kuisukuma ardhi. Wapo ambao unyayo wao hulala sana, wapo ambao hulala kidogo tu. Watengenezaji wa viatu walichukulia kwamba mguu unaolala sana lazima uzuiwe, wakaweka sponji ngumu zaidi upande wa ndani wa soli ya kati, chini ya upinde. Hapo ndipo mpango wa madukani ulipozaliwa: mwenye upinde mrefu apewe kiatu laini, wa wastani apewe chenye msaada kiasi, mwenye unyayo bapa apewe kile kigumu cha kuudhibiti mguu. Na kipimo cha yote kikawa mguu wenye maji juu ya karatasi.

Nami nilifundishwa hivyo, na kwa miaka kadhaa nimewapimia watu hivyo hivyo. Nilikuja kuacha baada ya kusoma yaliyotokea watu walipoujaribu mpango huo kwa idadi kubwa. Majeshi ya Marekani yaligawa viatu kwa makuruta kufuata umbo la unyayo, huku kundi jingine likipewa kiatu cha aina moja bila kujali nyayo zao. Utafiti huo ulifanyika jeshi la nchi kavu, la anga na la askari wa majini (Marine), na matokeo yakatoka mwaka 2009 na 2010: kulinganisha kiatu na umbo la unyayo hakukupunguza majeraha kwa kiasi cha kutajwa. Mwaka 2014 Wadenmark walichapisha utafiti wa watu 927 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kukimbia. Wote walipewa kiatu kimoja cha kawaida kisicho na msaada wowote, wakafuatiliwa mwaka mzima. Wenye nyayo zinazolala ndani hawakuumia zaidi ya wenye nyayo za wastani. Kwa hiyo lile neno kwamba "magoti yataisha" halina msingi. Ukiwa na nyayo bapa una umbo fulani la mguu, kama vile mtu mwingine ana vidole virefu. Hujapewa ugonjwa.

Hata hivyo nisikupeleke upande wa pili. Wapo wanaosikia haya wakahitimisha kwamba viatu vya msaada ni ujanja wa wauzaji. Huko Luxembourg, mwaka 2016, wakimbiaji 372 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa viatu vya kawaida na nusu viatu vya namna ile ile vilivyoongezewa msaada. Baada ya miezi sita waliovaa vyenye msaada walikuwa wameumia wachache, na nafuu hiyo ilionekana hasa kwa wenye nyayo zinazolala ndani. Ukiweka tafiti hizi pamoja, ninavyozielewa mimi ni kwamba kiatu cha msaada kinaweza kumfaa mtu kama wewe, lakini hakuna karatasi yenye maji inayoweza kukuamulia. Anayeamua ni mwili wako ukiwa ndani ya kiatu, unakimbia.

Sasa fanya jambo moja leo jioni. Simama peku mbele ya ukuta, umwambie mumeo akutazame kwa nyuma, kisha panda kwenye vidole vya miguu yote miwili. Kama upinde unajitokeza na visigino vinageukia ndani, basi bapa yako ni ile laini, upinde upo ila unalala ukisimama. Wengi wako hivyo na hukimbia maisha yao yote. Halafu rudia kwa mguu mmoja mmoja, ukishika ukuta kidogo kwa ajili ya kutoyumba. Ukiweza kupanda na kushuka mara kumi kila upande bila maumivu, sina wasiwasi nawe. Lakini kama upande mmoja haupandi kabisa, au unapanda na maumivu nyuma ya kifundo cha mguu kwa upande wa ndani, au mguu mmoja umekuwa bapa miaka hii ya karibuni na mwingine haukuwa, hilo si la muuzaji wa viatu. Kuna kano inayopita hapo ndani ya kifundo, ndiyo inayoushikilia upinde, na ikichoka inatakiwa kutibiwa mapema. Njoo hospitali upimwe na mtu wa mazoezi ya viungo.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyekuuliza dukani ni kuzaa. Marekani walipima nyayo za wanawake 49 mwanzoni mwa ujauzito na tena baada ya kujifungua, na wengi wao, kati ya asilimia 60 na 70, nyayo zilirefuka. Urefu ulioongezeka ulikuwa kati ya milimita 2 na 10, upinde nao ukashuka, na haya hayakurudi. Mabadiliko makubwa yalionekana kwenye mimba ya kwanza. Wewe una watoto watatu. Kama bado unanunua namba ile uliyokuwa ukivaa kabla ya mtoto wa kwanza, kuna uwezekano mkubwa unakimbia na kiatu kidogo, na mguu unaobanwa unabadilisha namna unavyokanyaga. Wanawake wengi wanaokuja kwangu wakilalamikia nyayo nawapima kwa rula, nakuta kiatu kimepungua nusu namba au namba nzima. Hapo hatujafika hata kwenye habari ya msaada.

Na goti. Kilomita 5 hadi 14 ndani ya miezi miwili, kwa kilo 84, juu ya lami ya Tabata. Dada, hapo ndipo ningeanza. Maumivu ya mbele ya goti yanayozidi ukishuka ngazi, au ukikaa muda mrefu kwenye daladala ukiwa umekunja miguu, mara nyingi yanatoka kwenye kifuniko cha goti na sehemu inayosuguana nacho, na sababu yake ya kawaida ni kazi kuongezwa upesi kuliko goti linavyoweza kuzoea. Kiatu kipya cha laki nne hakitakupa wiki ulizoziruka. Rudi kwenye kilomita 6 au 7, ukichanganya kukimbia na kutembea, na fupisha hatua: mguu utue karibu na mwili wako, usiurushe mbele. Hatua zikiwa fupi na za haraka kidogo, goti hubeba kishindo kidogo zaidi kila mara. Mimi huwaambia wagonjwa wangu hivi: ukilipima maumivu kwa kumi, yakiwa mawili wakati wa kukimbia na kesho yake asubuhi yameondoka, endelea. Yakibaki hadi kesho, ulizidisha, punguza. Mara mbili au tatu kwa wiki, kaa na uinuke kwenye kiti bila kutumia mikono, na pandisha kisigino kwa mguu mmoja ukiwa umesimama kwenye ngazi. Kwa goti lako hayo yana faida kuliko aina ya sponji.

Baada ya kusema hayo, kiatu bado unakihitaji, na kwa mwili wako nina maoni.

Ningekutafutia kiatu chenye soli pana, hasa nyuma kwenye kisigino, chenye sponji ya kutosha lakini isiyobonyea kama godoro la wageni. Watu wazito huelekezwa kwenye viatu laini kupindukia, kwa dhana kwamba kilo nyingi zinahitaji ulaini mwingi. Watafiti wale wale wa Luxembourg walijaribu hilo kwa wakimbiaji 848 na kuchapisha mwaka 2020: waliovaa soli ngumu waliumia zaidi kwa jumla, lakini faida ya soli laini ilionekana kwa wepesi, kwa wazito haikuonekana. Ninachokiona kliniki kinaelekea huko huko. Sponji laini sana chini ya mtu wa kilo 84 inabonyea hadi mwisho, na ikibonyea upande mmoja kuliko mwingine mguu unatafuta pa kushika. Kwako uthabiti una maana kuliko ulaini.

Viatu vya msaada vya siku hizi navyo vimebadilika, na hili huenda muuzaji wako hajalisikia. Zamani kilikuwa kile kipande kigumu cha rangi ya kijivu upande wa ndani, ambacho wengi walikihisi kama jiwe chini ya upinde. Brooks Adrenaline GTS sasa inatumia kingo mbili zilizoinuka kando ya kisigino, ndani na nje, zinazouongoza mguu pale unapozidi tu. ASICS Gel-Kayano, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1993, iliacha kile kipande kigumu kwenye toleo la 30 mwaka 2023, ikapanua soli na kuweka sponji inayorudisha mguu juu badala ya kuuzuia. Saucony Guide na Hoka Arahi ziko kwenye familia hiyo. Navyo ni viatu ambavyo hata mwenye upinde wa wastani anaweza kuvivaa bila shida. Ukikuta kimojawapo, na mguu wako ukatulia ndani, kinunue kwa amani. Ukivaa kiatu cha kawaida chenye soli pana na mguu ukatulia zaidi, nunua hicho, hata kama kina nusu ya bei.

Nasema "ukatulia" nikimaanisha jambo halisi. Benno Nigg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary aliyetumia maisha yake kupima jinsi watu wanavyokimbia, alipendekeza mwaka 2015 kwamba mwili una njia yake unayopenda kupita, na kiatu kinachouruhusu upite humo ndicho unachokihisi kuwa kizuri. Ni wazo, bado linabishaniwa, lakini kwa mnunuzi ndiyo njia bora niliyonayo. Kiatu cha kukimbilia hakina kipindi cha "kitazoea". Kama kinakugusa vibaya dukani, kilomita ya kumi kitakuwa kinakutesa.

Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za mchana na joto la Dar, ukiwa na soksi zile unazokimbilia. Vaa vyote viwili, kwa kuwa kwa watu wengi mguu mmoja ni mkubwa, na kiatu hununuliwa kwa ajili ya huo mkubwa. Mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine si gumba ni cha pili, pabaki upana wa kidole gumba cha mkono. Kisha toa ile soli nyepesi ya ndani inayochomoka, iweke sakafuni, simama juu yake. Mguu ukimwagika nje ya ukingo pembeni mwa vidole, kiatu ni chembamba, na kuongeza namba hakutatibu, kutakupa tu kiatu kirefu ambacho kisigino kinaogelea. Watu wetu wengi ni wapana mbele na wembamba kisigino, na viatu vya kawaida vya kike vinavyoletwa hapa ni vyembamba. Tafuta herufi D kwenye boksi la kiatu cha kike, hiyo ni pana. Usipoipata, jaribu cha kiume, kwani upana wa kawaida wa kiume ni huo huo D. Katika kuhamia huko usifuate namba za Ulaya, zinatofautiana kati ya kampuni na kampuni. Angalia sentimita zilizoandikwa kwenye lebo ndani ya ulimi wa kiatu. Halafu omba ukimbie. Duka halina mashine ya kukimbilia, najua, lakini korido ipo. Muuzaji anayekukataza kukimbia mita hamsini na kiatu cha laki nne, mwache.

Mtumba unafaa, na ninasema hivyo nikijua watu wengi watakaosoma hapa hawatanunua pengine popote. Karume, Memorial ya Moshi, Gikomba kwa ndugu zetu wa Nairobi, kote huko nimeona viatu vizuri sana. Tatizo ni kwamba uzee wa kiatu cha kukimbilia hukaa ndani ya sponji, na mtumba ukishafuliwa na kupigwa brashi unang'aa kama jana. Sponji nyingi huanza kuchoka kati ya kilomita 500 na 800. Nyingine hazijakimbiwa kabisa lakini zimekaa ghalani miaka mingi hadi zikakauka.

Kiweke kiatu juu ya meza iliyo sawa, kitazame kwa nyuma kama ulivyotazamwa wewe visigino. Kikiinama ndani au nje, kirudishe, hata kiwe cha kampuni gani: huyo aliyekitumia amekuachia mwendo wake, nawe utaubeba. Minya kile kikombe kinachoshika kisigino. Kiwe kigumu, kisipondeke kama karatasi. Kikunje: kipindike pale vidole vinapokunjika. Kikipindika katikati ya upinde, soli imekufa. Tazama ubavu wa soli ya kati, mikunjo midogo ya kulala ikiwa imejaa kama mikunjo ya shati, sponji imeshabanwa. Bonyeza kwa kidole gumba. Isiporudi, au ikiwa ngumu kama kandambili kuukuu, acha. Nike na Adidas huandika tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo ndogo ndani, isome. Na linganisha namba za kulia na kushoto, mtumbani kuna jozi za 41 na 42 zilizofungwa pamoja. Kimoja zaidi: kiatu kilichobandikwa soli mpya ya mpira na fundi ni kizuri kwa kwenda kazini. Kwa kukimbia, ule mpira mgumu umebadilisha kila kitu kuhusu kinavyokunjika.

Feki zilizo mpya ni hatari kuliko mtumba halisi. Nembo ipo, lakini ndani hamna sponji ya maana, na kikombe cha kisigino ni kadibodi. Kati ya Kayano mpya ya shilingi 60,000 na Adrenaline ya mtumba iliyosimama wima mezani, chukua ya mtumba bila kufikiri mara mbili.

Sasa shemeji. Namwelewa. Tangu Eliud Kipchoge akimbie Vienna kwa saa 1:59:40 mwaka 2019, na sasa baada ya Alphonce Simbu kutuletea dhahabu ya dunia kutoka Tokyo Septemba 2025, kila klabu ya jogi ina mtu aliyevaa kiatu cha mashindano. Lakini kiatu chenye bamba la kaboni ni nyenzo ya siku ya mbio. Soli yake ni nene, kwa wanariadha wa barabarani sheria inaruhusu hadi milimita 40, sponji yake ni laini mno, na kisigino chake ni chembamba, kwa hiyo kifundo kinayumba mtu akienda polepole. Hasa kwenye mazoezi mepesi ya asubuhi, pale Daraja la Tanzanite au kwingineko, hakimpi kitu. Bamba hilo pia hubadilisha kazi ya unyayo na misuli ya nyuma ya mguu. Na sponji za namna hii hufa mapema kuliko za kawaida, kwa hiyo cha mtumba kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimeshamaliza kazi yake kwa mwenyewe wa kwanza.

Kule kukaza kwa nyuma asubuhi ni kano ya kisigino inayoomba isikilizwe. Kwake yeye ningetazama tofauti ya unene wa soli kati ya kisigino na vidole. Viatu vingi vya mazoezi vina milimita 8 hadi 12. Vilivyo chini ya 4, na vingi vya Altra ambavyo ni sifuri, huipa kano na misuli ya kigimbi kazi zaidi. Achukue kiatu cha kawaida cha mazoezi chenye 8 au 10, chepesi kiasi, hata chenye sponji laini, kwani kwa kilo zake 62 ulaini utamfaa. Cha msaada hakihitaji kama hana shida nyingine. Avitunze vile vya kaboni kwa siku ya mbio kule Moshi, iwapo vitafaulu kile kipimo cha mezani. Na kama bajeti inaruhusu, jozi mbili tofauti za kupokezana ni jambo jema: utafiti mwingine wa Luxembourg, wa 2015, ulikuta wanaobadilisha viatu wiki nzima waliumia kwa asilimia 39 pungufu ya wanaoshikilia jozi moja. Mwili haupigwi mahali pale pale kila siku.

Kijana ni rahisi kuliko nyinyi wote. Nyayo bapa kwa mtoto ni kawaida, upinde hujijenga polepole hadi karibu miaka kumi, na kwa wengine hubaki chini kwa urithi, kama alivyokurithi wewe. Akipanda kwenye vidole na upinde ukatokea, na haumwi, asivalishwe kiatu cha msaada wala soli za kubandika. Watu watamtajia Abebe Bikila aliyeshinda marathoni ya Roma peku mwaka 1960, na utafiti wa Daniel Lieberman wa 2010 kuhusu Wakalenjin waliokua peku na kutua kwa mbele ya unyayo. Ni kweli. Lakini miaka mitatu baadaye walipimwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao ni watu wa peku tangu utoto, na kwa mwendo wao wa kawaida wengi walitua kwa kisigino. Hakuna namna moja ya Kiafrika ya kukanyaga ambayo mtoto wako ameipoteza. Mwache akimbie peku kwenye nyasi safi, inaimarisha unyayo. Barabarani avae raba nyepesi inayokunjika mbele na inayomtosha. Kukimbia na viatu vyeusi vya shule, ambavyo naona vijana wengi wanafanya wakati wa mazoezi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ndiko ningekukataza.

Kwake kuna kitu kingine cha kuangalia. Umri huo mifupa inarefuka, na sehemu laini za kukua nyuma ya kisigino na chini kidogo ya goti huvutwa na kano. Akianza kuchechemea baada ya mazoezi na pakawa panauma ukibonyeza, apunguze mbio kwa wiki kadhaa, na aonekane na mtaalamu. Pima mguu wake kila baada ya miezi mitatu. Kiatu cha mwezi wa kwanza huenda hakimfai mwezi wa sita, na hiyo ndiyo sababu nisingemnunulia cha bei kubwa.

Kuhusu zile soli za kuchomeka zinazouzwa barabarani kwa jina la "za nyayo bapa": iwapo una maumivu ya chini ya unyayo, za kawaida zisizo ngumu zinaweza kukupa nafuu ya muda wakati misuli inajengeka. Kama huna maumivu hapo, hazina kazi. Na usichomeke juu ya ile iliyomo, utajaza kiatu na kisigino kitapanda nje ya kikombe chake.

Mwenye kisukari, awe mmoja wenu au mama mzazi anayetaka kutembea nanyi asubuhi, asinunue kiatu kwa kuhisi. Ganzi ya nyayo inayoweza kuletwa na kisukari inamnyima taarifa hiyo ambayo nimekuambia uitegemee. Huyo apimiwe kliniki, na kila jioni nyayo zake zitazamwe.

Mwisho nikuambie kuhusu njia yenyewe. Nusu marathoni ya Moshi inapanda kuelekea Mweka kisha inashuka, na mteremko ndio utakaolipima goti lako, kama ngazi zinavyolipima sasa. Mteremko pia husukuma mguu mbele ndani ya kiatu. Kucha nyeusi za watu Jumapili jioni hutoka hapo. Tumia lile tundu la mwisho la kamba, la juu kabisa ambalo wengi huliacha tupu: pitisha kamba kwenye tundu hilo kwa upande ule ule ili itengeneze kitanzi, kisha kila kamba ipite kwenye kitanzi cha upande wa pili kabla ya kufunga. Kisigino kitashikwa bila kubana juu ya unyayo. Fanya mazoezi ya mteremko kidogo kidogo wiki za mwisho, Pugu kuna vilima vya kutosha, na anza kwa kutembea ukishuka.

Kiatu kipya kivae wiki sita kabla ya mbio, si siku tatu. Wiki ya kwanza kilomita 3 tu, zilizobaki umalizie na cha zamani. Kikikuletea maumivu mapya ambayo hukuwa nayo, hasa kwenye mfupa wa muundi mahali unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, simama kabisa na uje. Na kama ukifika wiki ya nne goti bado linakuzuia kushuka ngazi, niandikie tena kabla ya kupanda basi la Moshi. Zipo mbio za kilomita 5 siku hiyo hiyo, na mwaka mwingine wa kukimbia 21 upo.